Mtenda Aliyefutwa: Lugha ya Bunge katika Kufichua Maovu ya Wakubwa

Sisi wahakiki wa Kiswahili tumezoea kuipima lugha katika tenzi, riwaya na tamthilia, na kumbukumbu rasmi za Bunge, yaani Hansadi, tumewaachia wanahistoria na wanasheria. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgao huo wa kazi umetutia hasara. Wajibu wa Bunge wa kuwachunguza watawala na kufichua maovu yao ni kazi ya maneno kabla haujawa kazi ya kura au ya mahakama. Kiini chake ni sentensi moja: fulani alitenda jambo fulani kwa mali au kwa uhai wa umma. Sentensi hiyo ikikosa mtenda, uchunguzi umekwisha kukwama, hata kama ripoti ina kurasa mia tatu na imepigwa mihuri yote.

Mifano yetu mingi itatoka Nakuru na viunga vyake. Upendeleo wa mwenyeji upo, hatuukani. Lakini ipo sababu nyingine. Mji huu ulikuwa na Ikulu ambayo Mzee Kenyatta aliipenda na kuikalia sana katika miaka yake ya mwisho. Hapa hapa ndipo walipotoka au walipoishi baadhi ya wabunge waliothubutu kuuliza maswali ambayo Ikulu haikupenda kuyasikia. Anayetaka kujua jinsi lugha ya uchunguzi ilivyopata kilema nchini Kenya atafanya vyema kuanzia Bonde la Ufa la kati.

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kufundishwa minyambuliko ya vitenzi. Yatosha kukumbusha kwamba Kiswahili kina ngazi kadhaa za kumsogeza mtenda mbali na tendo lake. Twaweza kusema, karani amekula pesa. Twaweza kusema, pesa zimeliwa na karani. Mtenda bado yupo, ila amesukumwa mwisho wa sentensi, mahali ambapo kalamu ya mhariri humfikia kwa urahisi. Mhariri akipita, hubaki: pesa zimeliwa. Hapo mtenda ametoweka lakini kivuli chake kimesalia, kwa maana kauli ya kutendwa humlazimu msikilizaji aulize, na nani? Ngazi ya mwisho ni hii: pesa zimepotea. Hapa hata swali limekufa. Kitenzi potea hakina nafasi ya kirai cha mtenda; huwezi kusema pesa zimepotea na karani ukamaanisha kwamba karani ndiye aliyezipoteza. Pesa zimekuwa kama mbuzi aliyejiendea zake malishoni.

Turudi mwaka 1975. Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alizaliwa Kabatini, kaskazini mwa mji wa Nakuru, na shamba lake lilikuwa Gilgil, ambako pia alizikwa. Alikuwa tajiri aliyewasema matajiri, jambo ambalo wahakiki wake wamelicheka na wafuasi wake wamelisamehe. Alionekana mara ya mwisho akiwa hai Nairobi tarehe 2 Machi 1975, na maiti yake ikaokotwa katika vilima vya Ngong. Bunge likaunda Kamati Teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale, na mbunge wa Nakuru Mjini, Mark Mwithaga, akawa miongoni mwa wajumbe wake.

Jina lenyewe la kamati hiyo lastahili kusomwa kwa jicho la mhakiki. Iliitwa kamati ya kuchunguza kutoweka na kuuawa kwa mbunge huyo. Tazama vitenzi hivyo viwili vilivyofungwa pingu moja. Kutoweka ni kitenzi cha aina ile ile ya kupotea: hakidai mtenda. Kuuawa ni kauli ya kutendwa, na yadai jibu. Safari yote ya kamati ilikuwa kutoka kitenzi cha kwanza kwenda cha pili, na kutoka cha pili kwenda mahali ambapo kauli hugeuka na mtenda kuwekwa mwanzo wa sentensi. Safari hiyo haikufika. Kamati ilipomaliza kazi, majina mawili yaliondolewa kwa agizo la Rais kabla ripoti haijawekwa mezani Juni 1975: la Mbiyu Koinange, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, na la Wanyoike Thungu, mlinzi wa Rais. Kutajwa si kutiwa hatiani, na hatuna haki ya kuwahukumu wawili hao katika makala ya lugha. Neno letu ni kwamba kufutwa kwa majina ni tendo la kisarufi vile vile kama lilivyo tendo la kisiasa. Ripoti iliyobaki ilikuwa na kiarifa lakini baadhi ya viima vyake vilikuwa vimeng'olewa. Hadi leo hakuna mtu aliyetiwa hatiani kwa mauaji yale.

Hata katika hali hiyo Bunge liliipitisha ripoti kwa kura 62 dhidi ya 59. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, pamoja na mawaziri wadogo John Keen na Peter Kibisu, waliipigia kura ya ndiyo, na wote watatu wakapoteza vyeo vyao. Mwithaga baadaye alifungwa jela kwa kesi isiyohusu shughuli za Bunge. Koigi wa Wamwere, kijana aliyekuwa amegombea Nakuru Kaskazini mwaka 1974 na kushindwa, alitiwa kizuizini mwaka huo huo wa 1975. Aliingia Bungeni baada ya uchaguzi wa 1979.

Sasa tufikie jambo ambalo, kwa maoni yetu, wanahistoria wamelipita haraka mno. Julai 1974 Rais Kenyatta alitangaza kwamba Kiswahili kitumike Bungeni, na Katiba ikarekebishwa kufuata tangazo hilo. Miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na ilibidi wabunge waruhusiwe kuinukuu kwa Kiingereza. Mwaka 1979 Kiingereza kikarudishwa kando ya Kiswahili. Hivyo basi, kati ya 1974 na 1979 kanuni ilitaka mjadala uendeshwe kwa Kiswahili, na ndani ya kipindi hicho kifupi ndipo zilipotokea baadhi ya siku nzito kuliko zote katika historia ya Bunge la Kenya. Ripoti ya Mwangale iliandikwa kwa Kiingereza, ikaletwa mbele ya Bunge ambalo lugha yake ya mjadala ilikuwa Kiswahili. Mbunge aliyesimama kuitetea alilazimika kuitafsiri akiwa amesimama kwa miguu yake. Je, ni mwanaisimu gani wetu aliyekaa akachunguza tafsiri hizo za papo kwa papo? Tumeandika mengi juu ya istilahi za fizikia ambazo hakuna mwalimu anayezitumia, na istilahi ambazo watu walifungwa kwa ajili yake tumeziacha zilale kwenye rafu.

Mfano mkubwa ni kitenzi thibitisha. Oktoba 1975 Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alisema Bungeni kwamba kuna watu waliotaka kuliua Bunge kama chama cha KANU kilivyouawa. Akatakiwa athibitishe. Kitini alikuwa Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, ambaye aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika eneo la Bunge na kutiwa kizuizini. Hawakuachiwa hadi Desemba 1978, baada ya kifo cha Kenyatta. Vitabu vya historia karibu vyote hutupa maneno ya Shikuku na Seroney kwa Kiingereza. Ni jambo la ajabu kwamba mazungumzo ya Bunge lililotakiwa kusema Kiswahili yamehifadhiwa katika kumbukumbu za wasomi kwa lugha nyingine, na kwamba sisi, wenye lugha, hatukulalamika.

Tukitazama maana, uamuzi wa Seroney unahusu tofauti ya maneno mawili ya Kiswahili ambayo aghalabu tunayachanganya: thabiti na dhahiri. Kilicho thabiti kimesimama imara, hakitikisiki, kina nguzo. Kilicho dhahiri kimejitokeza mbele ya macho. Kuthibitisha ni kukifanya kitu kiwe thabiti, kukitia nguzo. Kanuni za Bunge zinamtaka msemaji awe na jukumu la ukweli wa madai yake na aweze kuyathibitisha, zinadai uthabiti. Seroney alijibu kwa udhahiri. Kama balagha, jibu lile ni zuri mno, na historia ya baadaye ilimthibitisha mwenyewe kwa namna ambayo hakuitaka: kukamatwa kwake ndiko kulikokuwa nguzo iliyokosekana. Kama kanuni, hata hivyo, hatuwezi kulikubali bila shaka yoyote. Udhahiri ndiyo lugha ya uvumi pia. Kila mzushi husema kwamba jambo lake linajulikana na kila mtu. Bunge likikubali dhahiri badala ya thabiti, leo atafichuliwa mwizi na kesho atasingiziwa mtu mwema.

Lakini upande wa pili ni mzito zaidi. Nani anayeshika nguzo? Nyaraka za kuthibitisha maovu ya ofisa wa serikali zimo kabatini mwa ofisa huyo huyo, na zinalindwa na sheria ya siri za serikali. Kumwambia mbunge athibitishe ni sawa na kumwambia mtu aliyeibiwa alete ufunguo wa nyumba ya mwizi. Kwa kawaida ufunguo huo huletwa na mdogo asiye na kinga yoyote. Katika kashfa ya Goldenberg, wabunge walipata nguzo mwaka 1993 kwa sababu karani wa Benki Kuu, David Munyakei, alitoa karatasi zikawafikia. Alikamatwa, akafukuzwa kazi, na alifariki mwaka 2006 akiwa fukara. Thibitisha, basi, ni kitenzi chenye mtenda wawili: mmoja husema akilindwa, mwingine hunyamaza na kulipa.

Matokeo ya Oktoba 1975 katika mtindo wa Bunge ndiyo hoja yetu kuu. Mbunge anaposema ndani ya ukumbi ana kinga: hashtakiwi mahakamani kwa maneno yake. Kinga hiyo ndiyo inayotofautisha lugha yake na ya mtu wa barazani. Mshairi wa Mombasa wa karne ya kumi na tisa, kama Muyaka bin Haji, alisema na watawala kwa mafumbo, na twamsifu kwa ustadi huo. Lakini tusisahau kwamba fumbo lilikuwa pia ngao ya mtu asiye na ngao nyingine. Naibu Spika alipokamatwa katika eneo la Bunge lenyewe, kila mbunge alielewa kwamba kinga imekuwa karatasi tupu. Tangu hapo lugha ya fumbo ilirudi mahali ambapo haikustahili kuwepo. Ikawa ni vigogo, wakubwa fulani, watu wenye mikono mirefu, mapapa wanaoachwa huku dagaa wakinaswa. Msikilizaji hufurahi, hutabasamu, humjua anayesemwa au hudhani anamjua. Hansadi haimjui. Anayesoma kumbukumbu hizo baada ya miaka thelathini atakuta bahari yenye papa wengi na asimwone hata mvuvi mmoja.

Baadhi ya wenzetu watasema kwamba fumbo ni johari ya Kiswahili na kwamba kuliondoa Bungeni ni kuifanya lugha kavu. Hatukubaliani nao. Fumbo katika kinywa cha mnyonge ni ushujaa. Katika kinywa cha mwenye kinga ni uvivu, na wakati mwingine ni biashara, kwa maana asiyetaja jina leo anaweza kulipwa asilitaje kesho. Kichwa cha habari gazetini kinaweza kuvumilia kigogo. Ripoti ya kamati haiwezi.

Mwaka 1992, baada ya mapigano ya Molo na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, kamati teule iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilijaribu kurudi kwenye sentensi yenye kiima, ikataja viongozi kwa majina. Bunge halikuipitisha ripoti hiyo. Mwaka 2013 ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipokabidhiwa, makamishna watatu wa kigeni walikataa kuitia sahihi sura ya ardhi wakilalamika kwamba ilibadilishwa isivyofaa. Tume ile haikuwa ya wabunge, kwa hiyo hatutaijadili zaidi, ila mkono wa mhariri ni ule ule.

Kwa ulinganisho tuvuke mpaka. Nchini Tanzania Bunge hujadili kwa Kiswahili tangu zamani, na Februari 2008 kamati teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe iliwasilisha kwa Kiswahili ripoti yake juu ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alijiuzulu muda mfupi tu baadaye. Hatusemi kwamba Kiswahili ndicho kilichomwangusha. Siasa za chama chake zilikuwa na sehemu yao kubwa. Tunasema kwamba mkulima mwenye redio aliisikia ripoti kwa lugha ile ile iliyotumika kuiandika, na hapakuwa na mkalimani wa kumlegezea vitenzi njiani. Wakati huo ndipo pia neno fisadi lilipohama kwa nguvu. Kamusi za zamani zilimfahamu fisadi kama mharibifu, na hasa mtu wa zinaa, mwenye kuharibu wake na mabinti za watu. Tangu miaka hiyo kijana wa Dodoma au Nakuru husikia fisadi akamwona mtu mwenye mkoba. Maana ya zamani haikufa yote, na ni vizuri haikufa: inabaki na karaha ambayo rushwa na hongo hazina, na ambayo chai na kitu kidogo yalitungwa ili kuificha. Hata hivyo ripoti ya Richmond inatufundisha tahadhari. Lowassa alilalamika Bungeni kwamba kamati haikumhoji. Kumtaja mtenda bila kumsikiliza ni kosa jingine, na wanaotaka majina yatajwe, nasi tukiwamo, hawana budi kulibeba lalamiko hilo badala ya kulizomea.

Turejee nyumbani, Solai, si mbali na Kabatini alikozaliwa Kariuki. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 maji ya bwawa lililokuwa juu ya mlima, ndani ya shamba la watu binafsi, yaliteremka yakaangamiza watu wasiopungua 47, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Redio zote zilisema: bwawa limepasuka. Pasuka! Kitenzi cha chungu jikoni, cha puto, cha kitu kilichojiamulia. Seneti iliunda kamati maalumu chini ya Mutula Kilonzo wa pili, wakaenda mpaka kwenye tope lenyewe na kuwasikiliza walionusurika. Kazi ya kamati ile, ukiisoma kama mhakiki, ilikuwa kukirudisha kitenzi pasuka kwenye pasua, na kuongeza vitenzi ambavyo redio haikuwa navyo: nani alijenga bila idhini, nani katika idara za maji na mazingira alipaswa kukagua, nani alinyamaza. Kosa la ofisa wa serikali mara nyingi ni la kutotenda, na hapo sarufi hutupa taabu, kwa sababu hakuna kauli ya kuonyesha aliyeketi. Yabidi kusema kwa kirefu: fulani alipaswa kukagua, hakukagua. Mwezi Julai 2018 watu tisa, maofisa wa serikali wakiwa miongoni mwao, walifikishwa mahakamani Naivasha kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia. Februari 2020 mahakama iliwaachilia huru kwa sababu upande wa mashtaka uliburuta kesi, ingawa mambo hayakuishia hapo. Katika magazeti ya wiki zile bwawa lilikuwa bado limepasuka.

Ripoti ya Seneti iliandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010, ibara ya 120, yasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na Bunge la Taifa limekwisha kutoa Kanuni zake za Kudumu kwa Kiswahili. Mwenye kanuni kwa lugha mbili na ripoti kwa lugha moja amewapa watu wa Solai sheria za mchezo na kuwanyima matokeo. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu sehemu fupi ya ripoti ya aina hii waitafsiri darasani. Karibu wote, bila kuambiana, waligeuza vitenzi vya kutendwa vyenye mtenda kuwa vya kutendeka visivyo naye. Nilipouliza sababu, msichana mmoja alijibu kwa adabu: "Mwalimu, hivyo ndivyo Kiswahili cha habari kinavyosikika." Alikuwa na haki. Ndicho Kiswahili tulichomfundisha.

Kazi iliyoko mbele ya idara zetu, kwa hiyo, haihitaji fedha za wafadhili. Hansadi za 1974 hadi 1979 zipo. Zinahitaji wasomaji wawili watatu wenye subira, watakaoorodhesha, mjadala baada ya mjadala, jinsi wabunge walivyotafsiri maneno ya uchunguzi: walisemaje pale Kiingereza kilipodai ushahidi, kinga, ubadhirifu, kuwajibika; nani alitumia kauli ya kutenda na nani alikimbilia kutendeka; na je, idadi ya viima vyenye majina ya watu ilipungua baada ya Oktoba 1975, kama makala haya yanavyodai? Dai letu halijapimwa kwa hesabu, na anayeweza kulivunja alivunje. Mahali pa kuanzia ni siku ile ya Shikuku na Seroney, maneno yao yakisomwa kwanza jinsi yalivyopigwa chapa katika Hansadi yenyewe, kabla ya kusomwa katika kitabu cha historia.